Mwenye Njaa Hana Miiko: Msitu wa Arabuko-Sokoke na Majirani Zake



Mwezi huu mtukufu, pita mitaani kwetu baada ya swala ya alasiri. Utasikia harufu ya mahamri, ya viazi karai, ya mbaazi za nazi. Kila ukumbi una jiko la makaa linalopepewa. Magharibi ikiingia tutafuturu, tutamshukuru Mola wetu, tutamshukuru na mama aliyesimama motoni tangu mchana. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojiuliza: yale makaa yametoka wapi? Ni mti gani ule? Nani aliukata, na alipata shilingi ngapi kwa jasho lake?

Basi katika kurasa hizi tutafuata swali hilo mpaka lilikoanzia, msituni. Tutasoma historia ya msitu mmoja ulio jirani yetu hapa Pwani, ambao wengi wetu tumeupita ndani ya matatu bila hata kugeuza shingo. Na historia hiyo ina somo moja kubwa, nalo ni hili: msitu hauhifadhiwi kwa kumfukuza maskini. Huhifadhiwa pale maskini anapopata sababu ya kuulinda.

MSITU WENYEWE

Ukitoka Kilifi kwenda Malindi, kabla hujafika Gede, kuna miti imesimama mkono wako wa kushoto kwa mwendo mrefu. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkubwa kabisa wa aina yake uliosalia katika mwambao wa Afrika Mashariki. Zamani misitu ya pwani ilitanda kutoka kusini mwa Somalia mpaka Msumbiji. Leo imebaki vipande vipande, kama nguo iliyoliwa na mende.

Msitu huu haupati mvua nyingi kama ile ya Kongo au Kakamega, lakini ni msitu wa tropiki kama hiyo, na yaliyoipata misitu hiyo yameupata nao. Ndani yake mna bundi mdogo wa Sokoke, ndege ambaye nje ya hapa anapatikana sehemu chache mno, mojawapo ikiwa milima ya Usambara Mashariki kule Tanzania. Mna sengi, kijinyama chenye pua ndefu kama mkonga na mgongo wa nyuma wenye rangi ya dhahabu. Mna ndovu. Mna zaidi ya aina 230 za ndege, na zaidi ya aina 250 za vipepeo. Hao vipepeo wakumbuke, ndugu msomaji, maana tutarudi kwao.

MJI ULIOMEZWA NA MITI

Kando ya msitu huo yako magofu ya Gede. Wengi wetu tulipelekwa huko na shule, tukakimbizana na tumbili, tukarudi nyumbani. Lakini Gede ulikuwa mji wa Waislamu. Una msikiti wa Ijumaa, una nyumba za mawe, una visima, na lipo kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Wakaazi wake walikula katika vyombo vya kauri kutoka Uchina. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umehamwa. Wataalamu wamezitaja sababu nyingi: vita, mashambulizi, na maji ya visima kupungua. Miti ikaingia barazani, mizizi ikapasua kuta.

Gede ililindwa kama turathi ya taifa tangu 1927, James Kirkman akaanza kuichimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mji huo unatukumbusha kwamba watu wa pwani na msitu ni majirani wa miaka mingi. Milango ya nakshi tunayojivunia Lamu na Mombasa ilihitaji mbao ngumu, na mbambakofi ni mojawapo ya miti iliyopendwa sana kwa kazi hiyo. Mbambakofi huo humea Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo tusiseme msitu ni habari ya watu wa bara au ya watalii. Ni habari yetu.

MPAKA ULIOCHORWA BILA WENYEWE

Kabla ya serikali yoyote kuchora mpaka, msitu ulikuwa na watu wake. Wawata, ambao wengine huwaita Wasanye, walikuwa wawindaji hodari wa ndovu, watu wa upinde mzito na asali. Lugha yao ni ya ukoo wa Kioromo, na katika lugha hiyo ndovu huitwa arba. Wagiriama nao walilima pembeni ya msitu, wakachukua humo dawa, fito za kujengea, uyoga na kuni.

Kisha akaja Mwingereza. Mwaka 1914 aliwapiga vita Wagiriama waliokataa kodi na kazi ya kulazimishwa, akawafukuza kutoka kaskazini ya mto Sabaki. Jina la Mekatilili wa Menza twalijua sote. Miaka kidogo baadaye, mwaka 1932, Arabuko-Sokoke ikatangazwa kuwa msitu wa Taji, na mwaka 1943 ikaandikwa rasmi kisheria. Sasa tazama jambo lilivyogeuka. Mwenye kibali cha kukata mbao aliingia mchana kweupe kwa mlango wa mbele. Mwanakijiji aliyefuata mzinga wa nyuki wa babu yake akawa mwizi. Mwata aliyeishi kwa upinde, kazi yake yote ikaitwa ujangili.

Mtu akishafanywa mwizi nyumbani kwake, hana tena sababu ya kuilinda nyumba hiyo. Huchukua anachoweza, usiku, kwa haraka. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini mpaka wa msitu na askari wake walibaki vilevile.

SAYYIDNA UMAR NA WENYE MIFUGO MICHACHE

Hebu tusimame hapa kidogo, maana swali hili la kulinda ardhi bila kumdhulumu mnyonge si geni katika historia yetu sisi Waislamu.

Wakati wa Jahiliya, mkubwa wa kabila alikuwa akijitengea malisho mazuri yawe yake peke yake, na ardhi hiyo ikaitwa hima. Mnyonge akiingiza mbuzi wake hapo, ole wake. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliukata ubinafsi huo. Alifundisha kwamba hakuna hima ila kwa ajili ya Allah na Mtume wake, yaani kwa maslahi ya umma. Yeye mwenyewe alilihifadhi bonde la Naqi' kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Na pembezoni mwa Madina aliweka eneo takatifu ambalo miti yake haikatwi wala wanyama wake hawawindwi.

Ukaja ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Ardhi ya hima ikapanuka, akamweka mlinzi aitwaye Hunayy. Sikiliza maagizo aliyompa, kama yalivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Hakumwambia afunge lango tu. Alimwamrisha awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini ajihadhari na mifugo ya Abdulrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Hao ni Masahaba wakubwa, bwana, watu walioahidiwa Pepo! Kwa nini basi? Umar akaeleza: hao mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Lakini mwenye wachache, wakifa, atakuja mlangoni kwa khalifa na watoto wake akilia, na hapo itabidi alipwe dhahabu na fedha. Maji na majani ni rahisi kuliko dhahabu.

Linganisha na ule mpaka wa 1932. Huku tajiri alipewa kibali na maskini akafungiwa nje. Kule kwa Umar maskini alitangulizwa na tajiri akaambiwa asubiri. Pande zote mbili palikuwa na mlinzi na mpaka. Tofauti ilikuwa ni nani anayefunguliwa lango.

MIAKA YA TISINI: KIPEPEO ANAINGIA

Turudi Gede. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali ilikuwa mbaya. Vijiji vilivyouzunguka msitu vilikuwa vimejaa watu, mashamba ni madogo, udongo ni mchanga. Ndovu walitoka usiku wakala mahindi, nyani na tumbili wakamaliza yaliyobaki, na mkulima halipwi kitu. Watafiti walipowauliza majirani wa msitu wanataka nini, wengi wao walijibu bila kuficha: ukatwe, wote au sehemu, watu wagawiwe mashamba. Usiwalaumu. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Na tena, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni rahisi kuupenda msitu ukiwa Nairobi au London.

Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi uitwao Kipepeo, ndani ya eneo la magofu ya Gede, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na aliyeuasisi ni mtaalamu wa vipepeo, Ian Gordon. Wazo lenyewe lilikuwa la kushangaza, na wazee wengine walicheka: kufuga vipepeo! Lakini kazi yake ni hii. Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko nyumba kubwa za vioo ambamo watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo hai wa nchi za joto. Nyumba hizo zinahitaji vipepeo wapya kila wiki, kwa sababu kipepeo haishi sana.

Mkulima hupewa ruhusa ya kukamata vipepeo wachache wa mbegu msituni. Huwaweka katika kizimba cha neti, jike hutaga mayai, mayai yakaanguliwa yakawa viwavi. Viwavi hulishwa majani ya miti maalum ya msitu, ambayo mkulima huipanda karibu na nyumba. Kiwavi akishanenepa hujifunga akawa pupa, ametulia kama kokwa ya tende. Hapo ndipo anapopelekwa Gede, huhesabiwa, mkulima hulipwa, na pupa hufungwa ndani ya pamba na kusafirishwa kwa ndege haraka, kabla kipepeo hajatoka. Wakichelewa njiani, hasara.

Sasa utauliza: je, hii si kuumaliza msitu kwa njia nyingine? Hapana. Kipepeo jike mmoja hutaga mayai mengi, na porini sehemu kubwa ya viwavi huliwa na ndege na wadudu kabla hawajakua. Chini ya neti wengi huishi. Kwa hiyo kwa kuchukua wachache mkulima huvuna wengi, na msitu hauoni pengo. Lakini msitu ukikatwa, hana mbegu, hana biashara. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika kichwani mwa watu. Mti uliosimama ukaanza kulipa karo na kununua unga. Mamia ya wakulima walijiunga, na kati yao kina mama wengi. Baadaye asali ya nyuki wa msituni nayo ikaingia sokoni kwa njia hiyohiyo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini palipotokea msukumo wa kumega kipande cha msitu kigawiwe watu, baadhi ya waliosimama kuupinga walikuwa ni majirani wenyewe, wakulima wa vipepeo. Watu wa vijiji vilevile ambavyo miaka michache nyuma vilitaka ukatwe!

SHERIA IKAFUATA

Mwaka 1997, upande wa magharibi, mahali paitwapo Dida, Arabuko-Sokoke ikawa miongoni mwa misitu ya kwanza Kenya kujaribu usimamizi wa pamoja, serikali na wanakijiji wakikaa meza moja. Majaribio ya namna hiyo yalizaa Sheria ya Misitu ya 2005, iliyowapa majirani wa msitu haki ya kuunda vyama vyao na kuandikiana mkataba na Shirika la Huduma za Misitu. Sheria ya 2016 iliyochukua nafasi yake imeendeleza haki hiyo. Chini yake wanachama wanaweza kuokota kuni zilizoanguka, kuweka mizinga, kutembeza wageni. Nyuma ya karatasi hizo kuna jambo kubwa: yule aliyeitwa mwizi ametambuliwa kuwa jirani mwenye haki.

Na elimu nayo. Shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa ASSETS, ambao hutoa msaada wa karo ya sekondari kwa watoto wa majirani wa msitu. Sehemu ya fedha hutoka kwa wageni wanaolipa kupita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko ya Mida. Shirika hilo ni la Kikristo, nasi hatuoni haya kulitaja kwa wema. Bali tuone haya kidogo kwa kujiuliza: sisi wenye historia ya hima, tumesimamisha nini?

IKIRUKWA HAKI: SOMO LA ILIKI

Ndugu msomaji, usidhani kila mahali mambo yalikwenda vizuri. Mfano wa Kipepeo ulivuka mpaka ukafika Amani, katika Usambara Mashariki, msitu wa mvua wa kweli, ule wenye bundi mwenzake wa Sokoke. Huko nako wanakijiji walianza kufuga vipepeo. Lakini milima hiyo ina kisa kingine, na kinaingia moja kwa moja katika mahamri yako.

Iliki hupenda kivuli. Wakulima wa Usambara walikuwa wakifyeka miti midogo chini ya miti mikubwa ya msitu na kupanda iliki hapo. Ukitazama kwa mbali unaona msitu. Lakini hakuna mche unaoota kurithi mti mzee, na baada ya miaka udongo ukichoka mkulima husogea mbele. Mwaka 1997 Tanzania ikatangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kisha ikaonekana ni lazima kuunganisha msitu kwa ushoroba wa Derema, na ushoroba huo ulikuwa umejaa iliki za watu. Wakulima walitakiwa waondoke na walipwe fidia. Malipo yalichukua miaka, na wengi walilalamika kwamba hayakulingana na walichopoteza. Miti ilipona, lakini palibaki kinyongo. Mlinzi wa Umar aliambiwa aogope dua ya aliyedhulumiwa, na kiongozi yeyote wa uhifadhi leo angeliweka agizo hilo ukutani ofisini kwake.

TUSIJIDANGANYE

Kipepeo nacho si dawa ya kila ugonjwa. Soko lake liko mbali, mikononi mwa wengine. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege na nyumba za maonyesho, pupa hawakuwa na pa kwenda. Mkulima aliyetegemea kitu kimoja alibaki mikono mitupu, na msitu uko palepale, na shoka liko palepale. Tena si kila jirani ni mfuga vipepeo. Miti mikubwa ya mbao ngumu, kama mbambakofi na muhuhu, ingali inawindwa, na makaa yangali yanachomwa, kwa sababu mijini tunanunua.

Ndiyo maana ulinzi wa msitu unahitaji riziki za aina nyingi: asali, vipepeo, miti ya kupandwa mashambani kwa ajili ya kuni na boriti, mwarobaini kwa wachongaji badala ya muhuhu. Na wanunuzi waaminifu. Hapo ndipo wewe na mimi tunapoingia.

TUFANYE NINI VIJANA?

Kwanza, tupunguze makaa. Jiko lililozungushiwa udongo hula makaa machache kuliko la bati tupu. Na futari si lazima iwe sahani kumi na mbili, nusu yake iende jaani. Israfu jikoni ni shoka msituni.

Pili, tuulize. Ukinunua mlango, kitanda au boriti, muulize fundi mbao imetoka wapi. Swali la mteja humfanya muuzaji afikiri mara mbili.

Tatu, tununue kwa majirani wa msitu. Asali ya futari yako ikitoka Gede au Dida, umemlipa mlinzi wa msitu bila kumvalisha magwanda.

Nne, vyama vyetu vya vijana viende Arabuko-Sokoke, na visiende kupiga picha tu. Vikae na wazee wa vijiji na chama cha msitu, viulize wanakosa nini. Wakati wa kugawa zaka na sadaka tunawakumbuka mafakiri wa mjini, na ni haki yao. Je, yule fakiri wa pembeni ya msitu, ambaye sadaka ikimkosa atashika shoka, yumo katika daftari letu?

Jioni ya leo, jiko litakapopepewa, litazame lile kaa moja jekundu. Lilikuwa mti, na nyuma ya mti huo kuna mtu mwenye watoto kama wewe. Ukitaka mti usimame, anza na mtu huyo. Umar (r.a.) alilijua hilo karne kumi na nne nyuma, na wakulima wa Gede wametuonyesha kwamba linawezekana hata leo.

Ewe Mola, tutakabalie saumu zetu, tujaalie tuwe waangalizi wema wa ardhi uliyotukabidhi, na usitufanye sababu ya dua ya aliyedhulumiwa. Amin.

Ramadhan Karim.